Kasha la njumu lisilofunga kona: namna ya kulandanisha skani zinazolaliana

Swali: Assalaam alaykum, mwalimu. Niko Wete, Pemba. Nimeazima skana ya mkononi na nimeskani kasha la bibi yangu, la msaji, lenye mabamba na misumari ya shaba na droo tatu chini, urefu wake kiasi cha mita 1 na sentimita 20. Nimelizunguka nikapata skani 12, kisha nikaziunganisha kwa mfuatano: ya pili juu ya ya kwanza, ya tatu juu ya ya pili, mpaka mwisho. Kila kiungo programu ilinionesha kosa lisilofika nusu milimita. Lakini skani ya 12 ilipotakiwa kukutana na ya kwanza, kona imeachana kwa sentimita mbili na ushei, na upande wa mbele misumari mingine inaonekana miwili miwili. Je, skana ni mbovu? Nianze upya, au kuna namna ya kuzivuta zikutane?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Skana yako huenda ni nzima, na sehemu kubwa ya kazi uliyoifanya inaweza kuokolewa. Tatizo liko katika ile nusu milimita, ambayo umeichukua kuwa ushahidi kwamba skani mbili zimekaa mahali pake. Namba hiyo haithibitishi jambo hilo, na kwa kitu kama kasha, chenye nyuso bapa na misumari inayofanana iliyopangwa kwa safu, inaweza kuwa ndogo sana ilhali skani zimekaa vibaya. Ukishaelewa inapima nini, utaelewa pia kwa nini nakusihi usizivute skani zikutane kabla hujajua kiungo kipi ndicho kilichoharibika.

Tuimalize kwanza habari ya skana. Fungua skani moja peke yake, chagua alama mbili zilizo mbalimbali zisizoweza kukosewa, kama ncha ya mkwaruzo na pembe ya bawaba, upime umbali wake ndani ya programu, kisha upime umbali huohuo kwenye kasha lenyewe kwa futikamba. Vipimo vikikubaliana, skana inapima sawasawa. Visipokubaliana, hakuna ulandanishi utakaokusaidia, kwa sababu kulandanisha ni kugeuza na kusogeza tu, na ukubwa wa kitu haubadiliki. Tazama pia ukingo mrefu wa kifuniko katika skani hiyohiyo moja. Skana ya mkononi huunganisha yenyewe picha nyingi ndogo kadiri unavyotembea, na ukiiendesha kwa muda mrefu bila kukatisha, kipande chenyewe huweza kupinda kwa ndani. Ukingo ulionyooka kwenye mbao ukionekana umepinda katika skani moja, skani hiyo irudiwe kwa vipande vifupi, wala usijaribu kuinyoosha kwa kuilandanisha na nyingine.

Sasa tuje kwenye namba. Kila skani ni wingu la nukta, na kila wingu lina mahali pake pa kuhesabia, kutegemea skana ilipoanzia. Ili wingu la pili likae juu ya la kwanza unahitaji namba sita tu: tatu za kuligeuza na tatu za kulisogeza. Njia inayotumiwa na takriban kila programu kuzitafuta namba hizo inatokana na kazi ya Paul Besl na Neil McKay iliyochapishwa mwaka 1992, na karibu wakati huohuo Yang Chen na Gérard Medioni walitoa njia iliyo ndugu yake. Programu huchukua kila nukta ya skani ya pili, ikatafuta nukta iliyo karibu nayo zaidi kwenye skani ya kwanza, ikazichukulia hizo mbili kuwa ni mahali pamoja, ikahesabu mgeuzo na msogeo unaopunguza jumla ya miraba ya umbali wote huo, ikaisogeza skani, kisha ikaanza tena kutafuta majirani wapya. Hurudia hivyo mpaka namba isipungue tena. Besl na McKay walionesha kwamba kosa hupungua kila mzunguko mpaka likatulia, lakini pahala linapotulia ni bonde lililo karibu na ulikoanzia, na si lazima liwe bonde lenye kina kuliko yote.

Zingatia neno hilo “karibu”. Programu haijui kwamba msumari huu ndio uleule wa skani nyingine. Inajua tu kwamba upo msumari fulani karibu. Namba unayooneshwa mwishoni ni wastani wa umbali baina ya majirani, na jirani anaweza kuwa karibu sana na bado akawa si mwenyewe.

Madhara ya jambo hili hutegemea umbo la kitu, na hapa ndipo kasha linapokuwa gumu kuliko sanamu. Chukua ubao wa nyuma wa kasha lako, ambao pengine hauna nakshi. Skani mbili za ubao huo zinaweza kukamatana vizuri katika mambo matatu: umbali wake kutoka kwako, mwinamo wa juu na chini, na mwinamo wa kushoto na kulia. Mambo matatu yaliyobaki, yaani kusogea kushoto na kulia, kusogea juu na chini, na kuzunguka juu ya ubao wenyewe, hayana kinachoyazuia, kama mkeka unavyoweza kuburutwa popote sakafuni na bado ukawa umeigusa sakafu yote. Skani ikiteleza sentimita nzima, nukta zake zote zitakuwa bado zimelala juu ya ubao, na programu itakupa kosa dogo kwa nia njema kabisa. Kitu cha mviringo kama mtungi huteleza kwa namna nyingine: huzunguka kwenye mhimili wake. Uso wenye nakshi nzito iliyochimbwa kwa kina hauna taabu hii, na ndiyo maana milango mingi ya Mji Mkongwe, ingawa ni mikubwa, huwa myepesi kuilandanisha kuliko kasha la kawaida, ilimradi uwe mwangalifu na miimo yake, ambako mapambo ya mnyororo hujirudia kutoka chini hadi kwenye kizingiti.

Kujirudia huko ndiko ugonjwa wa pili, na nahisi unao. Pima umbali baina ya msumari na msumari kwenye safu ya mbele. Kama ni sentimita mbili na ushei, sawa na pengo lililobaki kwenye kona, basi yumkini kuna skani iliyoruka msumari mmoja. Programu ilipokuwa ikitafuta majirani, skani ilikuwa imekaa zaidi ya nusu ya nafasi hiyo upande usio wake, ikavutwa kwenye safu ya jirani na kutulia hapo. Katikati ya safu huwezi kuona kosa lolote, kwa sababu kila msumari umefunikwa na msumari. Kosa huonekana mwisho wa safu, ambako skani moja itakuwa na msumari wa ziada unaoning’inia pasipokuwa na mwenzake, au pale penye bamba la kufuli, ambalo halijirudii. Hesabu misumari ya safu ya chini kwenye kasha lenyewe kwa kidole, uihesabu na kwenye modeli. Ni kipimo kisichohitaji programu, na kwa kasha la njumu sijaona kilicho bora kukizidi.

Misumari inayoonekana miwili miwili ni habari nyingine, kwa sababu skani iliyoruka msumari kamili huifunika misumari, haiifanyi miwili. Hapa inaonekana skani ya pili imekaa vizuri juu ya ya kwanza, na ya tatu juu ya ya pili, lakini ya tatu nayo inalaliana na ya kwanza kwa sehemu, na hukuwahi kuziuliza hizo mbili kama zinapatana. Kila kiungo kimebeba kosa dogo la kugeuka, na makosa hayo yakielekea upande mmoja hujumlika. Kasha lako lina urefu wa mita 1.2. Kosa la sehemu ya kumi ya digrii kwenye ncha moja huwa milimita mbili kwenye ncha ya pili. Skani 12 zina viungo 11 vya mfuatano; likijirudia mara 11 kwa upande uleule, utafika digrii 1.1, na hiyo ni sentimita mbili na milimita tatu hivi, yaani pengo lako lote, bila ya kiungo hata kimoja kuonekana kibaya. Kwa hiyo sababu zinazoweza kuleta pengo hilo ni mbili, na tiba zake zinapingana: mruko hurekebishwa kwa kurudi kwenye kiungo kimoja na kukivunja, mchepuko wa polepole hurekebishwa kwa kuzigawia skani zote kosa lililobaki.

Zipo programu ambazo ukibonyeza pahala pamoja zitaufunga mzunguko na kuligawa pengo lote kwa viungo vyote. Kama pengo limetokana na mruko, utakuwa umelichukua kosa la kiungo kimoja ukaviharibu vyote 12, kila kimoja kwa milimita mbili hivi, na baada ya hapo huwezi tena kujua ugonjwa ulianzia wapi. Kwa hiyo tafuta mruko kwanza. Usiuzunguke mzunguko mrefu, tumia mizunguko mifupi. Chukua skani tatu zinazolaliana zote, kwa mfano ya 3, ya 4 na ya 5. Landanisha ya 4 kwa ya 3, ya 5 kwa ya 4, kisha ya 3 kwa ya 5 moja kwa moja, na uangalie kama umerudi ulipoanzia. Ukirudi na tofauti ya sehemu ya milimita, watatu hao ni wakweli. Ukirudi na tofauti ya sentimita mbili, kimoja kati ya viungo vitatu kimeruka, na skani tatu zinazofuata zitakuonesha ni kipi, kwa kuwa kiungo kibovu kitaonekana katika kila mzunguko unaohusika nacho na hakitaonekana penginepo.

Ukishakipata, kivunje na ukianze upya kwa mkono. Programu nyingi hukuruhusu kuchagua nukta zinazolingana kwenye skani mbili kabla ya kuiachia mashine. Tatu ndiyo idadi ya chini, nazo zisiwe kwenye mstari mmoja, lakini mimi hupendelea tano au sita zilizotawanyika mbalimbali kadiri eneo la kulaliana linavyoruhusu, kwa sababu nukta zilizokusanyika pahala pamoja huacha nafasi ya kugeuka. Usichague msumari kutoka kwenye safu ya misumari inayofanana. Chagua msumari uliopotea ukaacha tundu, msumari uliobonyea, ufa wa mbao, doa la mshumaa kwenye kifuniko, skrubu ya bawaba iliyokaa upande. Makovu ya kasha ndiyo alama zako za kuaminika, na kasha lililotumiwa na vizazi viwili au vitatu linayo mengi. Halafu kipo kisanduku ambacho wengi hawakigusi: asilimia ya kulaliana. Katika CloudCompare, programu ya bure ya kushughulikia mawingu ya nukta, ukikiacha kwenye asilimia 100, programu hulazimika kuitafutia jirani hata nukta ambayo haikuonekana kabisa kwenye skani nyingine, na nukta hizo zisizo na haki huivuta skani nzima upande wake. Kama unakadiria skani mbili zinashirikiana nusu, andika 50.

Viungo vikishakuwa safi, ndipo ugawe kosa lililobaki. CloudCompare naipenda kwa kulandanisha jozi na kwa kupima umbali baina ya nyuso. Kwa kulandanisha skani nyingi kwa pamoja tumia MeshLab, ambayo nayo ni ya bure na ilianzia Pisa, Italia. Kanuni yake ni kwamba hakuna skani iliyo mkubwa wa nyingine: kila jozi inayolaliana hutoa ushahidi wake, si zile zinazofuatana tu, na mahali pa skani zote hutafutwa kwa mara moja ili ushahidi wote uridhike kwa kadiri inavyowezekana. Kari Pulli alichapisha mwaka 1999 njia ambayo jozi hulandanishwa kwanza, kisha matokeo yake yakatumika kama masharti wakati wa kuzipanga skani zote pamoja, na sababu ilikuwa ni kwamba data nzima haikuweza kuingia kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Mwaka huohuo timu ya Chuo Kikuu cha Stanford iliyoongozwa na Marc Levoy ilikuwa Florence ikiiskani sanamu ya Daudi ya Michelangelo, yenye kimo cha zaidi ya mita tano, na kwa kazi ya ukubwa huo mnyororo wa moja baada ya moja usingefaa hata kidogo. Kasha lako ni dogo, lakini lina mzunguko, na kila chenye mzunguko kinahitaji kutendewa hivyo.

Baada ya hapo rudi kwa futikamba. Pima ulalo wa uso wa mbele, kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, na ule wa pili, kwenye kasha na kwenye modeli. Ulalo hufichua mgeuko ambao urefu na upana haviufichui. Usitarajie ulalo wa kwanza na wa pili viwe sawa, wala usiilazimishe modeli iwe na pembe mraba. Makasha mengi ya aina hii yaliletwa kwa majahazi kutoka pwani ya magharibi ya India, yamekaa katika unyevu wetu miaka mingi, na mbao zake zimejikunja kwa kiasi chake. Mkunjo huo ni sehemu ya kasha, nao una haki ya kuhifadhiwa kama njumu yenyewe.

Huenda ukalazimika kurudia skani mbili tatu, hasa za ubao wa nyuma. Ukirudia, usisimame mbele ya uso ukaupiga peke yake. Simama kwenye pembe, mshazari, ili kila skani ione nyuso mbili na kifuniko kwa pamoja. Nyuso tatu zinazokutana konani huyakamata mambo yote sita, na mtelezo unakwisha. Kisha okota mawe ya matumbawe matano au sita, yale yenye matundu na mikwaruzo yasiyofanana hata mawili, uyapange sakafuni kulizunguka kasha kwa karibu, uyaache palepale mpaka umalize. Yataingia kwenye kila skani, yatampa kila jirani utambulisho wake, na mwishoni utayakata kwenye modeli. Usibandike alama za gundi kwenye kasha lenyewe, kwa kuwa gundi huweza kuondoka na rangi ya mbao, na uharibifu huo haurekebishiki.

Kifuniko kifungwe na droo zirudi ndani, na visiguswe hadi mwisho wa kazi. Hesabu yote niliyoieleza imesimama juu ya sharti kwamba kitu hakibadiliki umbo baina ya skani na skani. Droo ikichomoza milimita tano katikati ya kazi, programu haitakuambia droo imetoka. Itaisogeza skani nzima kidogo ili kuipatanisha droo na mbao, na utalaumu kisichostahili.

Kuhusu shaba, nakuomba sana: usiisugue kwa ndimu wala ukwaju kabla ya kuskani, hata kama bibi anataka kasha lake lionekane limependeza. Shaba inayong’ara huurudisha mwanga upande mmoja tu badala ya kuutawanya, na skana huona ama tundu ama nukta zinazoelea hewani. Shaba iliyofifia huskanika vizuri zaidi. Funga madirisha yanayoingiza jua la moja kwa moja, maana jua huzima mwanga wa skana, na tumia taa laini zilizotawanyika. Zile nukta zinazoelea hata baada ya hapo zitolewe kwenye hesabu: tengeneza nakala ya kila skani iliyobaki mbao tupu na kingo za mabamba, landanisha nakala hizo, kisha namba sita zilizopatikana uzitumie kuzisogeza skani kamili. Programu huzihifadhi namba hizo kama jedwali dogo la safu nne kwa nne, na jedwali la skani safi linaifaa skani chafu bila ya kubadilishwa chochote.

Upande wa chini wa kasha utauhitaji pia, kwani mara nyingi ndiko kunakobaki alama za randa na viungo ambavyo fundi hakuvisafisha. Kasha lilazwe chali na watu wawili juu ya magodoro, droo zikiwa zimefungwa kwa kitambaa zisiteleze. Hapo sakafu na mawe hayageuki pamoja na kasha, kwa hiyo yafute kabisa kwenye skani za makundi yote mawili, la kasha lililosimama na la kasha lililolazwa, kabla ya kuyakutanisha. Lisimamishwe kundi la kwanza kama kitu kimoja kilichokwisha kulandanishwa, na la pili vivyo hivyo, kisha kundi kwa kundi vilandanishwe kwa kutumia miguu na kingo za chini za mbavu, ambazo makundi yote mawili yameziona.

Usikimbilie kuzigeuza skani kuwa wavu mmoja, yaani uso mmoja uliounganishwa kwa pembetatu ndogo ndogo. Njia inayopendwa zaidi kwa kazi hiyo, ya Michael Kazhdan na wenzake ya mwaka 2006, hutoa uso uliofungika pande zote, na pale ambapo skana haikuona kitu huziba kwa kukisia. Nyuma ya vishikio na ndani ya tundu la kufuli utapata uso laini ambao haupo kwenye kasha. Ukate, uache tundu lionekane kuwa ni tundu. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, ilipoporomoka Desemba 2020, naona uzito mkubwa katika kila modeli inayotengenezwa visiwani, kwa kuwa iko siku modeli itaulizwa swali na kitu chenyewe kisiwepo kujibu, na jibu la kukisia litapokewa kama la kweli.

Hifadhi skani ghafi zote 12 na zile utakazoongeza, kila moja katika faili lake la PLY (aina ya faili la kuhifadhi nukta), pamoja na jedwali lake la namba, na karatasi yenye vipimo ulivyovichukua kwa futikamba. Ukivunja kiungo cha mruko na mizunguko mifupi ikakataa kukubaliana bado, niletee skani tatu tu zinazogombana, zikiwa ghafi, kabla hujazigusa kwa chochote kingine.